Msimamizi na Mlango wa Kukaza

Tulimwita Msimamizi, na sikumbuki kumsikia mtu yeyote katika jengo letu akimwita jina lake. Alisimamia jengo la shirika letu la akiba, la ghorofa tatu, upande wa chini wa mji wa Kisumu, mahali ambapo ukifungua dirisha la nyuma unaona mapaa ya magodauni na kipande cha ziwa. Mimi nilikuwa karani wake. Nilimpigia taipu barua zake miaka mingi, nikamgombeza ilipobidi, naye akanivumilia. Mlango mmoja aliouchagua yeye uliua mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu waliomjua, ukimtaja tu, huruka mambo mengine yote na kuufikia mlango ule, wakamwacha mzee mwenyewe nyuma. Mimi nataka kuanza na mzee mwenyewe.

Alivaa tai kila siku ya Mungu, hata mwezi wa pili wakati joto la Kisumu linamfanya mtu atamani kuvua na ngozi. Funguo zake zilikuwa kwenye pete kubwa ya chuma, lakini hukuzisikia zikilia. Alizishika zote kwa kiganja, akazibana, kwa maelezo kwamba funguo zinazolia zinamwambia mwizi uko wapi. Kwa hiyo alikuwa na tabia ya kukutokea nyuma bila kishindo, na nilimwambia mara nyingi kwamba siku moja atamuua mtu kwa mshtuko. Tulicheka. Sasa maneno yale yananiwasha ulimini, lakini ndivyo tulivyokuwa tukisema.

Alipiga marufuku omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, ndani ya jengo. Waraka wa usafi ulikuwa umesema chakula chenye harufu kisiliwe ofisini, na yeye akasema hakuna chakula chenye harufu kuliko omena, na asiyekubali aende akaishi Nairobi. Halafu siku moja nikafungua droo yake kutafuta gundi, nikakuta omena za kukaanga kwenye bati la biskuti, zimefunikwa kwa nakala ya waraka wenyewe. Nilimwonyesha. Akatazama bati, akanitazama mimi, akasema, "Hizo ni za kukamatwa. Ushahidi." Na akaendelea kula ushahidi wake kila siku saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi.

Nyaraka alizipenda kama watu wengine wanavyopenda nyimbo za kanisani. Waraka ukija kutoka makao makuu, alisimama kuusoma. Kweli, alisimama wima, tai ikanyooka, akausoma kwa sauti kama anatangaza redioni, hata kama msikilizaji nilikuwa mimi peke yangu na mama wa chai. Kuna waraka uliokuja ukisema ndoo za mchanga wa kuzimia moto zipakwe rangi nyekundu ndani na nje. Mtu mwingine angepaka nje akaendelea na maisha yake. Msimamizi alimwaga mchanga wote uani, akapaka ndoo ndani, akangoja zikauke, akarudisha mchanga. Nilimuuliza, "Mzee, nani ataona ndani ya ndoo iliyojaa mchanga?" Akanijibu, "Nyar Mwa, waraka hausemi nani ataona." Nyar Mwa ndilo jina alilonipa, yaani binti wa wageni, kwa kuwa mimi ni Mluhya na Kijaluo changu kilikuwa kinamchekesha mpaka anashika mbavu.

Jumapili baada ya kanisa alienda soko la Kibuye, na tai yake ile ile, akachuchumaa kwa wauza vyuma chakavu. Alitafuta kufuli zisizo na funguo. Jumatatu alizipanga mezani na kuzifungua moja moja kwa waya, ulimi ukimtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayeandika. Ikifunguka, aliitazama kwa masikitiko, akampa mtu bure. Asiyoweza kuifungua ndiyo aliyoiheshimu. Alikuwa na chache za namna hiyo juu ya kabati, na alizifuta vumbi mwenyewe.

Sasa nije kwenye tabia yake kubwa. Kila siku ya kazi, wakati wa kufunga, alizunguka jengo zima, na kwenye kila mlango aligonga kwa ufunguo mkubwa kuliko wote, akauliza, "Kuna mtu?" Kisha akangoja. Hakuuliza kwa mazoea huku akizungusha ufunguo, kama wanavyofanya wafungaji wengine. Aliuliza, akainamisha kichwa, akasikiliza. Aliuliza vyooni. Aliuliza kwenye kabati la karatasi ambamo hata paka angebanwa. Tulimcheka, na vijana wa uhasibu walimwiga wakati wa chai, mmoja akigonga birika na kuliuliza kama kuna mtu.

Mara moja tu aliniambia sababu. Kabla ya kuja kwetu alilinda godauni karibu na reli. Ijumaa moja wenzake walifunga, na Jumatatu yeye akafungua, akakuta mchukuzi mmoja ameketi juu ya magunia, midomo imepasuka. Alikuwa amelala usingizi mlango ukafungwa. "Alikuwa hai," Msimamizi aliniambia. "Lakini alinitazama, Nyar Mwa. Hakusema kitu. Alinitazama tu, akapita." Tangu siku hiyo hakufunga mlango bila kuuliza. Sikumtania tena kwa jambo hilo, ingawa mengine niliendelea nayo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyepewa ruhusa ya kumtania kwenye mzunguko wake. Huyu alikuwa Nyar Asembo, binti mwembamba mwenye kucheka haraka, aliyeletwa kuingiza hesabu za wanachama kwenye kompyuta zilipoanza kuja, mwishoni mwa miaka ya themanini. Alikuwa na pumu, na pampu yake aliibeba mkobani kama wengine wanavyobeba rozari. Mara nyingi alichelewa kutoka. Msimamizi alipogonga mlango wake na kuuliza, "Kuna mtu?" yeye alijibu kutoka ndani, "Hakuna mtu, Mzee! Ni kompyuta tu!" Na Msimamizi, ambaye hakucheka kazini, alisema kwa sauti ya ukali, "Basi kompyuta ivae viatu, iende nyumbani." Nilikuwa nawasikia kutoka mezani kwangu. Yalikuwa maneno yale yale kila siku, na hakuna aliyeyachoka.

Ndipo ukaja waraka wa kompyuta. Aliusoma amesimama, na ulikuwa mrefu mpaka mama wa chai akakaa chini. Ulisema hesabu za wanachama sasa ziko ndani ya mashine, na mtu anaweza kuziiba au kuziharibu bila kuvunja sefu. Kwa hiyo chumba cha kompyuta kisiwe na dirisha. Mtu asiingie na mkoba wala mfuko, asije akaficha kitu. Mlango uwe wa chuma, wa kufungua kwa namba za siri, kuingia na kutoka, na namba ziwe za walioidhinishwa tu. Na stima ikipotea, mlango usifunguke. Hapo aliacha kusoma. Akarudia mstari ule kwa sauti ya chini, kisha akaendelea.

Baada ya siku kadhaa akaja muuzaji kutoka Nairobi, kijana wa suti ya kung'aa, na sanduku lenye mifano ya vitasa. Aliweka viwili mezani. Nilikuwepo, nilikuwa naandika. Kijana akasema, "Mzee, zote ni za kisasa. Tofauti ni moja. Hii stima ikienda, inaachia, mlango unafunguka. Hii nyingine stima ikienda, inakaza. Huwezi fungua, labda na ufunguo wa dharura."

Msimamizi alikichukua kile cha kukaza, akakigeuza. Nilimjua uso wake. Kilikuwa kitu asichoweza kukifungua, na alikiheshimu. Lakini akauliza, "Na mtu akiwa ndani?"

"Mzee, stima haipotei muda mrefu hivyo."

"Hapa ni Kisumu, kijana."

"Kuna betri ndani yake."

"Ya kumfungulia mtu?"

Kijana akakohoa. "Ya kushika namba zisipotee. Kufungua ni stima."

Msimamizi akaniomba nimwitishie simu ya makao makuu. Aliongea amesimama. Nilisikia upande wake tu: "Ndiyo, Bwana. Nimeusoma, Bwana. Nauliza tu, mtu akiwa ndani? Ndiyo. Ndiyo, waraka unasema hivyo. Ndiyo, Bwana." Akaweka simu taratibu. Akakaa kitambo akifuta kioo cha saa yake kwa tai. Kisha akaniambia, "Andika oda. Ile ya kukaza."

Niliandika. Ndiyo kazi niliyoajiriwa. Lakini nilimwambia, kwa sababu mdomo wangu haujawahi kunyamaza pale unapopaswa, "Mzee, ungechukua ile nyingine wangejuaje?" Akanitazama kama vile nimependekeza tuibe kengele ya kanisa. Yeye alikuwa mtu wa kupaka rangi ndani ya ndoo. Nilijua atakachochagua kabla hajafungua mdomo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuhusu tabia za watu. Unazipenda, unazicheka, na siku moja zinafanya kazi yake.

Fundi mwashi wa Obunga aliziba dirisha la chumba cha kompyuta kwa matofali, akapiga plasta na rangi. Mlango wa chuma ukafungwa, umevikwa mpira pembeni kuzuia vumbi. Ufunguo wa dharura, kama waraka ulivyotaka, ukatiwa kwenye bahasha ya muhuri, ndani ya sefu ya meneja. Nje ya mlango ukawekwa msumari wa kutundikia mikoba. Na juu ya mlango kulikuwa na taa ndogo: mtu akiingia, inawaka, akitoka, inazima.

Siku za mwanzo Msimamizi aliendelea kugonga na kuuliza. Sauti ya Nyar Asembo ilikuja nyembamba kupitia mpira, "Hakuna mtu!" Kisha wakaja wakaguzi wa makao makuu, wakampongeza kwa mlango, na mmoja wao alipomwona anagonga akacheka. "Mzee, unaongea na chuma? Taa si iko? Ikizima hakuna mtu." Wote wakacheka, na meneja wetu akacheka nao. Msimamizi alipenda milango lakini alipenda pia kuonekana anaielewa. Kuanzia hapo, kwenye mlango ule mmoja tu, akawa anainua macho kutazama taa, na kupita. Kwingine aliendelea kuuliza. Kabati la karatasi aliliuliza mpaka mwisho.

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo tulifanya kazi nusu. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kwenda kwetu Luanda kwa dada yangu. Nyar Asembo alikuwa ameingia kumaliza hesabu za mwezi, mkoba wake umetundikwa msumarini nje, pampu ikiwa ndani ya mkoba. Rangi ya chumba ilikuwa bado inanuka. Kabla ya saa ya kufunga, stima ikapotea, kama ilivyozoea. Kiyoyozi kikanyamaza, vitufe vya namba vikafa, mlango ukakaza. Msimamizi akafanya mzunguko wake. Alifika pale, akainua macho. Taa ilikuwa imezima.

Akapita.

Mkoba ulikuwa umetundikwa pale pale. Aliuona, alisema baadaye mbele ya watu wote kwamba aliuona. Alidhani binti ameusahau, kwa sababu taa ilisema hakuna mtu. Hakuna aliyemfundisha, wala wakaguzi, wala muuzaji, wala mimi, kwamba stima ikipotea na taa nayo hupotea. Ni jambo la wazi kama mchana. Watu wote waliopita pale kila siku wangelijua kama wangelifikiria, na hakuna aliyelifikiria.

Alasiri dadake binti akaja kumtafuta, maana walikuwa wameahidiana kwenda sokoni. Askari wa lango akamwonyesha mkoba. Wakakimbilia Nyamasaria, nyumbani kwa Msimamizi, kumwita. Meneja alikuwa harusini Kakamega na ufunguo wa sefu mfukoni. Mlango ulipigwa kwa nyundo na mtaimbo, ukawacheka. Ndipo Msimamizi akasema waende Obunga wamwite mwashi, na fundi aliyeliziba dirisha ndiye aliyelibomoa. Aliingia yeye wa kwanza kupitia tundu. Walikuwa wamechelewa sana.

Sasa sikia kilichofuata, kwa sababu watu wa nje ya kwetu huwa hawakielewi. Wajomba wa Nyar Asembo walifika, na polisi walipotaka kuutoa mwili kupitia tundu la ukuta, mjomba mkubwa akasimama mbele ya tundu. Akasema, "Huyu mtoto aliingia kwa mlango. Hatatolewa kwa tundu kama kitu kimeibiwa. Atatoka kwa mlango." Polisi wakabishana naye, kisha wakaacha. Kwa hiyo wote waliketi sakafuni kwenye korido, wajomba, dada mtu, askari, Msimamizi na tai yake, wakingoja stima. Hakuna aliyemtukana. Askari aliniambia ingekuwa afadhali wangemtukana. Jua lilipokuwa linazama stima ikarudi, na ile taa ndogo juu ya mlango ikawaka. Mtu ndani. Mjomba akamwambia Msimamizi, "Haya, Mzee. Fungua mlango wako." Akasimama, akabonyeza namba kwa kidole chake mwenyewe, na mlango ukafunguka bila shida yoyote.

Kwenye uchunguzi nilingoja asome waraka. Niliubeba kwenye faili, nikauweka mbele yake, mstari ule nimeutia kalamu nyekundu. Nilitaka asimame na kuusoma kwa sauti yake ya redio mpaka wale wa makao makuu wainamishe vichwa. Mtu huyu alikuwa amesoma nyaraka kuhusu ndoo na omena. Aliulizwa nani aliamua aina ya mlango. Akasimama. Akalisukuma faili kando. "Mimi ndiye niliyechagua," akasema, na akakaa. Nilimkasirikia siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Wale wa makao makuu walirudi Nairobi wakiwa wepesi. Waraka haukubadilishwa, mlango haukubadilishwa, na dirisha likazibwa tena.

Alibaki kazini mpaka akastaafu, na hiyo miaka ndiyo iliyomfanya asemwe mjini. Alirudia kugonga mlango ule. Aligonga kwa ufunguo mkubwa, akauliza, "Kuna mtu?" na akaweka sikio kwenye chuma. Aliuliza taa ikiwa imewaka na ikiwa imezima. Alingoja muda ambao ulitia watu baridi. Wasichana walioletwa kuchukua nafasi ile hawakudumu. Mmoja alisema anajibiwa akiwa peke yake, mwingine alisema kiti huwa kimegeuka kuelekea mlangoni kila asubuhi. Askari wakawa hawapiti korido ile. Ilisemwa kwamba Msimamizi anaongea na marehemu, na kwamba marehemu anamjibu.

Siku moja nilimfuata. Nilikuwa nimechoka na maneno ya watu. Nilisimama kando yake wakati amebandika sikio, nikasema, "Mzee, twende nyumbani." Akainua kidole. "Nyamaza kidogo, Nyar Mwa. Huwa anachelewa kujibu." Tulisikia kiyoyozi tu. Lakini nitasema ukweli: nilisikiliza. Mimi Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, niliinamisha kichwa changu na kusikiliza, na nywele zilinisimama, si kwa sababu nilisikia kitu bali kwa sababu nilitaka kusikia.

Alipostaafu hakuagwa kwa sherehe. Alirudisha funguo mezani kwangu, zimebanwa vile vile zisilie, akaondoka.

Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimehamia shirika lingine, mimi sasa ndiye ninayesimamia vifaa, na gugumaji lilikuwa limefunika ziwa mpaka ukaona kama mtu anaweza kutembea juu yake. Tukaletewa waraka wetu. Kompyuta sasa zilikuwa zinaongea na Nairobi kwa waya wa simu, na watu wa makao makuu walikuwa na hofu mpya. Mlango uwe wa kadi. Kila kadi ijulikane ni ya nani. Na mstari ule ule, umeandikwa upya na watu ambao pengine walikuwa shule ya msingi wakati ule: stima ikipotea, mlango usifunguke. Wauzaji walikuja na vitasa vyao. Mkaguzi aliniambia waziwazi kwamba nikichagua kinyume, jina langu litaandikwa. Nilikuwa na watoto shuleni na kazi niliyoihitaji. Nikaenda Nyamasaria.

Nyumba yake haikuwa na milango. Simaanishi kwamba ilikuwa wazi, simaanishi imechakaa. Milango ilikuwa imeng'olewa na bawaba zake, na matundu ya misumari yalikuwa yamezibwa vizuri kwa saruji. Mlango wa mbele ulikuwa pazia. Mkewe alinipokea, akaona ninavyotazama.

"Ametoa zote," akasema. "Hata ya choo. Huko tumeweka gunia. Wezi walikuja mara mbili, wakachukua redio na sufuria, yeye amekaa tu anawaangalia. Nimelia mpaka nikachoka, mama. Sasa nauzoea upepo."

Msimamizi alikuwa kitini, amekonda, shati jeupe, na tai. Tai! Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. "Nyar Mwa," akasema. "Kijaluo chako kimepona?" Nikamjibu kwa Kijaluo, akashika mbavu.

Tulikunywa chai. Nikamweleza shida yangu, nikamsomea mstari ule. Nilikuwa nimekaa, na yeye, kwa ule uzee, akajaribu kusimama kuusikiliza. Nikamzuia. Nilipomaliza alitazama pazia likienda na upepo. Kisha hakunijibu nililomuuliza. Aliniuliza lake.

"Yule fundi wa Obunga. Alikuwa mtu wako, mlikuwa mnaongea."

"Ndiyo, Mzee."

"Yeye ndiye aliingia kwanza. Mimi nilisimama nje ya tundu, sikuangalia. Sikuweza. Binti aligonga? Ule mlango. Aligonga?"

Hili ndilo alilolibeba miaka yote. Kama aligonga na kuita, basi sauti yake ilikuwa bado ndani ya kile chuma, na yeye alikuwa anaweka sikio kuitafuta. Na mimi nilijua jibu. Fundi aliniambia wiki ile ile, akilia, kwa Kiswahili chake cha Obunga: "Mama, huyo dada alikuwa amekaa tu kwa kiti. Ameangalia mlango. Mikono iko hapa kwa magoti. Mimi niliangalia mlango yote na ukuta yote, hakuna mahali amegonga." Sikuwahi kumwambia Msimamizi, kwa sababu hakuwahi kuuliza, na kwa sababu sikujua kama ni dawa au sumu. Nilifikiria kumdanganya. Lakini yule hakuwa mtu wa kudanganywa. Angelizunguka jibu langu kama kufuli ya Kibuye mpaka lifunguke.

"Hakugonga, Mzee," nikasema. "Alikuwa amekaa kwenye kiti, ameelekea mlangoni."

Alifumba macho. Mkewe aliacha kumimina chai.

"Mtu wa pumu hapigi kelele," akasema mwishowe, polepole, kama anasoma. "Anatulia. Anaiweka pumzi." Akafumbua macho, yamejaa. "Alijua nitapita. Alijua nitauliza. Alikuwa anaiweka pumzi ya kunijibu."

Nilimshika mkono, akaniachia niushike. Ulikuwa mkono mkavu, na kidole cha shahada bado kilikuwa na sugu ya ule ufunguo mkubwa.

Aliponisindikiza mpaka barabarani alikumbuka nilichokuja nacho. "Unataka nikuambie ununue ipi," akasema. "Mimi sijui milango tena, Nyar Mwa. Hiyo ya kwako wewe chagua. Lakini ukishachagua, usiache kuuliza." Akageuka. Alitembea mpaka kwenye pazia lake, na kabla hajaliinua, nikamsikia akiuliza nyumba yake, ambamo mkewe alikuwa anaosha vikombe, "Kuna mtu?"

"Niko," mkewe akajibu, kwa sauti ya mtu anayejibu hivyo kila siku. Akaingia. Sikumwona tena.

Nilinunua mlango wa kuachia. Mkaguzi aliniandika, kama alivyoahidi, na kupandishwa cheo nikawa nakusikia kwa watu wengine tu. Mlango uko pale mpaka leo. Stima ikipotea, kitasa kinalegea, tak, na mlango unafunguka kiasi cha mtu mwembamba kupita. Vijana wa ofisi hucheka, wanasema mama amenunua mlango wenye mashetani. Mimi naacha ninachofanya. Nainua kichwa, nauliza, "Kuna mtu?" na kungoja Nyar Asembo aniambie hakuna.